Mzee Wetu wa Kuazima

Jumapili, tarehe 12 Julai 2015, alifariki dunia katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, Nairobi, mzee wa umri wa miaka 78 aitwaye Benson Wanjau, na habari hiyo ilipotangazwa redioni walikuwako watu hapa Awasi walioisikia wakaiacha ipite, kwa kuwa jina hilo halikuwa na maana kwao, mpaka mtangazaji alipoliongeza jina la pili. Wanjau hakuwa na matanga Awasi. Ojwang' ndiye aliyekuwa nayo. Kina mama wauzao nyanya na omena kando ya barabara ya Kericho walimsikitikia kama mzee wa ukoo, na kijana mmoja wa bodaboda akataka kujua atazikwa upande gani, Alego au Seme, maana kwa mila zetu mtu wa makamo yale hazikwi ila kwao, katika boma lake. Alizikwa Lang'ata, Nairobi. Ojwang' hakuwa na boma katika nchi ya Wajaluo, wala hakuwa Mjaluo. Alikuwa Mkikuyu ambaye kwa zaidi ya miaka 30 aliazima jina letu, lafudhi yetu na mwendo wa wazee wetu, akaingia navyo katika kila sebule ya Kenya iliyokuwa na televisheni, nasi tukamkubali bila kumdai shahada ya kuzaliwa.

Kuazima huko si jambo la kupita. Ukiitazama tashtiti ya nchi hii kwa utulivu, tangu ile ya kioo cha televisheni mpaka ile ya jukwaani iendayo kwa ngoma na nyimbo, utaona kwamba aghalabu imesema kwa kinywa cha mtu mwingine, na kwamba hatima ya msemaji imetegemea kinywa alichokiazima: aliyeazima cha mnyonge alichekewa na kuachwa aende zake, na aliyeazima cha mkubwa alitazamwa kwa jicho la pembeni, ilhali yule aliyethubutu kusema kwa kinywa chake mwenyewe, tena akaimba, aghalabu alikutana na askari mlangoni.

Vitimbi kilikuwa kipindi cha nusu saa cha shirika la utangazaji la serikali, lililoitwa Sauti ya Kenya, au VoK, hata mwaka 1989 liliporudishiwa jina la KBC. Wanjau alionekana pia katika Vioja Mahakamani na michezo mingine ya jamii hiyo, lakini Vitimbi ndicho kilichomtawaza. Humo alikuwa Mzee Ojwang' Hatari, mume wa Mama Kayai, ambaye Mary Khavere alimwigiza kwa ukali na huruma iliyochanganyika hata mtu asijue wapi ukali unakoma. Visa vyao vilikuwa vya nyumba yoyote: deni la dukani, mgeni asiyeondoka, mume aliyeficha mshahara, jirani mlevi, binti aliyepata mchumba asiyependwa na baba. Sehemu kubwa ya maneno haikuandikwa. Waigizaji walipewa kisa, wakaambiwa kianzie wapi na kiishie wapi, na yaliyo katikati wakayazua wenyewe mbele ya kamera, kila mmoja akimtegea mwenzake neno na mwenzake akilidaka. Na hii ndiyo sababu vicheko vyao havikuwa na harufu ya karatasi.

Kwa kijana wa leo aliye na simu mfukoni ni vigumu kufahamu jinsi kipindi kile kilivyotazamwa katika vituo vya biashara vya uwanda wa Kano. Umeme ulikuwa wa wachache. Katika mkahawa niliouzoea, televisheni ndogo ya Great Wall, nyeusi na nyeupe, ilikaa juu ya rafu ndani ya kabati la mbao lenye kufuli, nayo ilipata nguvu kutoka kwenye betri ya gari iliyokuwa sakafuni karibu na mtungi wa maji, na mwenye mkahawa alikuwa na desturi ya kuizima taarifa ya habari ili betri isichoke kabla ya Vitimbi. Hakuna mwanasiasa aliyepata heshima hiyo. Kijana mmoja alipanda juu ya mabati akaushika mlingoti wa erio, akiuzungusha pole pole huku wenzake wakimpigia kelele kutoka ndani, "Rudisha! Rudisha kidogo! Hapo hapo!" na pale picha ilipotulia Ojwang' alikuwa keshaingia, kofia kichwani, koti likimning'inia, akianza lalamiko lake. Wafanyakazi wa miwa kutoka Chemelil, wenye mikono iliyochanwa na majani, waliagiza chai moja wakainywa kwa saa nzima ili wasiondolewe vitini.

"Jaduong', huyu ni mtu wa wapi?" kijana aliuliza siku moja, akimwelekea mzee aliyeketi karibu na mlango.

"Huyu ni wa Siaya," mzee akajibu bila kusita. "Nawajua wa kwao. Sikia anavyovuta maneno."

Mwenye mkahawa alikuwa na rai tofauti. Yeye alidai Ojwang' ni wa Kisumu mjini, maana mtu wa Siaya hawezi kuwa na ujanja ule. Ubishi ukaendelea mpaka kipindi kikaisha, na hapana hata mmoja aliyetaja Nyeri wala Murang'a.

Nimejaribu kwa muda mrefu kufahamu jinsi Wanjau alivyoweza kutuhadaa, na sioni kuwa siri ilikuwa katika herufi. Herufi ni jambo jepesi. Kila mcheshi wa mjini ajua kwamba ulimi wa Mjaluo hauna "sh" wala "z", na kwamba akitaka kutuiga atasema "samba" badala ya shamba na "msee" badala ya mzee, kisha angoje watu wacheke. Wanjau alifanya hivyo pia, lakini hakuishia hapo. Aliichukua mizani ya sentensi: ule mtindo wa mzee wa kwetu kuanza neno juu, kulishusha taratibu, kisha kulinyamazia kidogo kabla ya kutoa hukumu, kama ilivyo katika baraza la ukoo ambapo msemaji hukatiza maneno ili wasikilizaji waitikie. Aliichukua na staha yetu, ambayo wageni huiita majivuno. Ojwang' alikuwa maskini, hakukuwa na shaka. Alikopa, alifukuzwa, alipigwa chenga na wanawe. Lakini hakuwahi kujiona mdogo mbele ya mtu. Alipokosa nauli aliusimulia ukosefu wa nauli kwa taadhima ya balozi. Hilo haliigwi kwa kusikiliza ulimi peke yake, na ndilo lililomfanya mzee wa Awasi aape kwamba mtu huyu amezaliwa Siaya.

Wanjau hakuwa peke yake katika biashara ya kuazima. Sammy Muya, Mkikuyu mwenzake, alivaa jina la Masanduku arap Simiti akawa Mkalenjini wa taifa zima. Katika mahakama ya Vioja kulipita washtakiwa wa kila kabila, kila mmoja na Kiswahili chake kilichopinda kwa namna ya kwao, mbele ya hakimu ambaye Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka. Mpangilio huo una mafunzo kuliko ulivyokusudiwa. Mwenye sheria alisema sanifu. Mwenye makosa alisema kikabila. Na kwa kuwa kituo kilikuwa cha serikali, tena katika miaka ambayo tangu 1982 hadi mwishoni mwa 1991 chama kilikuwa kimoja kwa mujibu wa katiba, kicheko kilikuwa na mipaka iliyofahamika bila ya kuandikwa: askari wa lango alichekwa, mpishi alichekwa, mganga wa uongo, mwenye duka mchoyo na mzee mwenye wake wawili walichekwa, lakini ngazi ilipofika kwa mkuu wa wilaya kicheko kiliteremka chenyewe na kurudi chini. Sisemi haya kuwalaumu waigizaji. Mtu alaye mkate wa dola hana budi kuangalia anakotemea.

Basi je, tulidhulumiwa? Swali hili limeulizwa na wasomi wetu, na baadhi yao wamejibu kwa hasira. Wanakumbuka walivyoingia shule za bweni katika mikoa mingine na kuitwa Ojwang' kabla ya kuulizwa majina. Wanakumbuka walivyosimama kusoma darasani na, kila wafikapo kwenye "shilingi", darasa zima likanyamaza kwa furaha likingojea. Nami siwapingi, kwa sababu kicheko kile kilikuwapo na kiliuma. Hata hivyo nadhani hasira hiyo imemkosa mwenyewe. Waliotudhalilisha ni wale waliokuja baada yake, waliochukua lafudhi wakaacha staha, wakatuletea kila Jumamosi Mjaluo mmoja mpumbavu ajivunaye simu asiyoweza kuinunulia muda wa maongezi. Ojwang' hakuwa mpumbavu. Katika visa vingi yeye ndiye aliyekuwa na akili pekee chumbani, na masikitiko yake yalikuwa masikitiko ya mtu aonaye mambo ambayo wengine hawayaoni. Papa Shirandula, kipindi kilichoanzia Citizen TV mwaka 2007 chini ya marehemu Charles Bukeko, kiliendeleza mila hiyo kwa namna yake: humo Otoyo, bawabu wa Kijaluo, aliigizwa na Kazungu Matano, mtu wa Pwani. Kutoka Mlima Kenya mpaka Kilifi, kila mmoja amepata kutuvaa. Nguo hiyo yaelekea haichakai.

Kuna wakati mmoja ambapo kuazima huko kulionekana kwa sura nyingine. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 nchi iliwaka moto, na watu zaidi ya 1,100 walipoteza maisha kabla ya mapatano ya Februari 2008. Kisumu ilichomwa maduka, vijana wakapigwa risasi, na Wakikuyu waliokuwa na biashara katika mji na katika vituo vya njia hii walikimbia na vifurushi vyao, wengine wakiwa wamezaliwa hapa hapa na Kijaluo chao kikiwa bora kuliko cha watoto wetu wa mjini. Lafudhi haikuwaokoa. Katika majuma hayo ambapo jina la mtu lilikuwa hati ya kupita au ya kufa, yule Mkikuyu wa Nairobi bado alikuwa Ojwang', na sikupata kumsikia mtu, hata katika wale waliokuwa na ghadhabu zaidi, aliyesema tumnyang'anye jina. Wengi hawakujua, hilo ni kweli. Lakini walikuwako waliojua, nao walinyamaza, na sikutaka kuwauliza kwa nini.

Mabadiliko ya kinywa yalikuja kutoka chuo kikuu. Vijana watatu wa Chuo Kikuu cha Kenyatta, Walter Mong'are, John Kiarie na Tony Njuguna, waliungana mwishoni mwa miaka ya 1990 wakajiita Redykyulass, wakaanzia jukwaani na kisha wakaingia katika televisheni mpya ya Nation, na wao hawakuazima ulimi wa bawabu. Waliazima wa Rais. Daniel arap Moi alikuwa ametawala tangu 1978, na sauti yake ilikuwa imetangulia taarifa ya habari ya kila siku kwa muda mrefu hata watoto waliijua kabla ya kuzijua sala. Lakini kumsikia Moi akisema mambo ya Moi ilikuwa jambo moja, na kumwona kijana mwembamba akiwa na rungu mkononi, akikohoa mahali pa kukohoa na kukasirika mahali pa kukasirika, lilikuwa jambo la pili kabisa. Usiku wa kwanza nilipowaona, mkahawa ulinyamaza kwanza. Watu walitazamana, wakatazama mlango, ndipo wakacheka. Katika kunyamaza kule mlikuwa na historia ya miaka 20.

Walichofanya Wanjau na wenzake kwa mshtakiwa, vijana hawa walikifanya kwa hakimu. Ufundi ulikuwa ule ule wa kumtwaa mtu kwa lafudhi na mwendo, ila shabaha ilikuwa imegeuzwa juu. Na baada yao, mwaka 2009, Citizen TV ikaanza kuonyesha The XYZ Show, kazi ya mchora katuni Godfrey Mwampembwa, tumwitaye Gado, mzaliwa wa Dar es Salaam, ambaye pamoja na mtayarishaji Marie Lora-Mungai alifanya sanamu za mpira za viongozi wetu, zenye midomo mikubwa na macho ya kupepesa, kwa kufuata mtindo uliokuwa umekwisha kujulikana Ufaransa na Uingereza. Sanamu ina faida moja: haiwezi kuitwa kituo cha polisi. Mchoraji wake anaweza. Gado aliponea katika televisheni akaja kukwama katika gazeti. Mwaka 2015 katuni yake ya Rais Kikwete ililiponza gazeti la The EastAfrican likafungiwa Tanzania, na mwaka uliofuata mkataba wake na kampuni ya Nation, aliyoitumikia tangu 1992, haukufanywa upya.

Wale watatu wa Redykyulass dunia iliwapokea kwa mikono miwili, pengine zaidi ya ilivyopasa. Kiarie aligombea ubunge 2007 asiupate, akaja akaupata wa Dagoretti Kusini mwaka 2017. Mong'are alifanya kazi ya mawasiliano Ikulu. Wapo waonao hapo usaliti. Mimi naona ni jambo la tabia ya nchi: mtu akishamwiga mkubwa kwa miaka kadhaa, mlango wa mkubwa humfungukia kwa kuwa ameshajifunza adabu zake zote.

Hapa naomba wasaa wa kupiga hatua moja nje ya Afrika Mashariki, kwa sababu jambo lenyewe limerudi kwetu. Wamarekani wawili, Trey Parker na Matt Stone, waliokuwa wamejipatia jina tangu 1997 kwa katuni ya televisheni iitwayo South Park, ambayo haikumsaza mtu wala dini, waliungana na mtunzi Robert Lopez wakaandika mchezo wa muziki, The Book of Mormon, uliofunguliwa Broadway, New York, mwezi Machi 2011 na kuzoa tuzo 9 za Tony. Mchezo huo mahali pake ni Uganda. Kijiji cha Uganda, chenye maradhi na jemadari katili, ndicho jukwaa ambalo wamishonari vijana wa Kimarekani wanafanyiwa kejeli. Na watunzi walipoulizwa walijibu kwamba anayechekwa ni Mmarekani. Huenda. Lakini kicheko hakifuati barua ya mtunzi, kinafuata sikio la hadhira, na mwaka 2020 waigizaji weusi waliopata kucheza humo waliandika kulalamika juu ya namna Waafrika walivyochorwa, hata watunzi wakaupitia upya mchezo kabla ya kufunguliwa tena 2021. Mtu wa Awasi angewafahamu waigizaji wale mara moja. Hata kwetu, mwenye kuazima lafudhi hujitetea kwamba hamcheki mwenye lafudhi. Na wakati mwingine husema kweli, na wakati mwingine humlaghai hata nafsi yake.

Tofauti ni kwamba Parker na Stone walitoka katika televisheni wakaingia katika mchezo wa muziki kwa kutafuta mali na utukufu, nao wakavipata. Kwetu njia hiyo ina mashimo. Wimbo una hatari ambayo maneno matupu hayana, kwa kuwa wimbo watu hutoka nao ukumbini. Tarehe 2 Oktoba 1977, Kamĩrĩĩthũ karibu na Limuru, wakulima na wafanyakazi walianza kucheza Ngaahika Ndeenda, tamthilia iliyojaa nyimbo na ngoma, ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Haikutimiza miezi miwili kabla ya kibali kufutwa, na mwaka ulipokuwa ukiisha Ngũgĩ wa Thiong'o alikamatwa, akawekwa kizuizini mpaka Desemba 1978. Mwaka 1982 walipojaribu tena kwa Maitũ Njugĩra, mchezo wa muziki zaidi ya ule wa kwanza, walinyimwa Jumba la Michezo la Taifa na ukumbi wao wa Kamĩrĩĩthũ ukabomolewa. Ng'ambo ya ziwa mambo yalikuwa mabaya mara kumi: Byron Kawadwa, aliyetunga Oluyimba lwa Wankoko, mchezo wa nyimbo juu ya tamaa ya utawala, aliurudisha mchezo huo kutoka tamasha la Lagos mwaka 1977, akatwaliwa na watu wa Idi Amin katika Jumba la Michezo la Taifa la Kampala na kuuawa. Katika miaka hiyo hiyo vichekesho vya televisheni vilikuwa vikiendelea kwa amani, bawabu akitukanwa na mpishi akipigwa mwiko.

Na ajabu ni kwamba watu wa Kano hatukuhitaji kufundishwa kwamba wimbo waweza kuwa mahakama. Mpiga nyatiti akija matangani huketi juu ya kigoda kifupi, chombo chake cha nyuzi 8 kikielekea kifuani, njuga za gara mguuni na pete ya chuma, oduong'o, kwenye kidole gumba cha mguu, ambayo hugonga nayo ubao wa chombo ili apate mapigo. Anaimba sifa za marehemu, lakini vilevile anataja nani hakuja kumtembelea alipokuwa mgonjwa na nani ametangulia kuulizia shamba. Kisha mtu katika hadhira hutupa sarafu, na muziki husimama papo hapo. Aliyetoa fedha amenunua haki ya kusema. Hujisifu, hujigamba, humchoma mkwe wake kwa fumbo, humtaja chifu kwa jina la ng'ombe, watu huangua kicheko, naye akimaliza nyuzi hurudi pale zilipokuwa. Huo ndio pakruok. Nimewaona watu wazima wakitoka jasho chini ya mwembe, wakiogopa sarafu inayofuata itatoka mfuko wa nani. Hakuna kinywa cha kuazimwa hapo. Anayesema amesimama kwa jina lake na la baba yake, na ukoo wote unamwona.

Kwa hiyo haikuwa ajabu kwamba Eric Wainaina, mwanamuziki aliyewakereketa wakubwa mwaka 2001 kwa wimbo wake juu ya rushwa, Nchi ya Kitu Kidogo, alipotaka kutunga mchezo wa muziki aliigeukia hadithi ya huku. Luanda Magere wa ukoo wa Sidho katika Kano, shujaa mwenye mwili wa jiwe ambaye mikuki ya maadui haikumdhuru mpaka mke aliyeletwa kutoka kwao alipogundua kwamba roho yake imo kivulini, alipata maisha mapya jukwaani Nairobi. Na katika mchezo wake Mo Faya, uliofika katika tamasha la michezo ya muziki la New York mwaka 2009, Magere amekuwa mtangazaji wa redio katika mtaa wa mabanda, na adui yake ni mwanamke tajiri aitakaye ardhi ya maskini. Wazee wa Sidho huenda wasimtambue mjukuu wao. Mimi nadhani amepelekwa mahali panapomfaa, kwa kuwa shujaa wa zama hizi, kama yupo, nguvu zake zi katika sauti, na akishikwa ataanza kwa kuzimwa sauti hiyo.

Wanjau hakuwahi kuimba juu ya ardhi wala kumwiga Rais, na kwa hiyo hakuonja kizuizi. Alionja jambo jingine. Mapato ya mwigizaji wa kipindi cha serikali hayakulingana na umaarufu wake. Katika miaka ya mwisho macho yake yalipofifia, fedha za matibabu zilitafutwa kwa mchango wa wasanii wenzake na wananchi, na baada ya kufa kwake Rais Uhuru Kenyatta na vigogo wengine walimtungia salamu za rambirambi nzuri, ndefu. Nchi iliyomtunza Ojwang' katika kumbukumbu haikuwa na mahali pa kumwandika Wanjau katika daftari ya malipo. Vipande vya Vitimbi hivi sasa vyaonekana katika simu za vijana wa steji ya Awasi, vikikatizwa na matangazo ya biashara.

Vijana hao hao, walipokuwa shuleni, kila mwanzo wa mwaka walipakiwa katika mabasi pamoja na ngoma na mikuki ya mbao kwenda kushindana katika tamasha la maigizo la shule na vyuo, lililoanza mwaka 1959 na ambalo sasa ndilo jukwaa kubwa kuliko yote ya tamthilia ya nyimbo katika nchi hii. Huko ndiko tashtiti ya kuimba ilikojificha baada ya Kamĩrĩĩthũ, chini ya sare za wanafunzi. Mwaka 2013 wasichana wa Butere walikatazwa kucheza Shackles of Doom, mchezo wa Cleophas Malala juu ya ugawaji wa mali ya taifa, mpaka Jaji David Majanja wa Mahakama Kuu alipoamuru waruhusiwe. Malala akawa seneta wa Kakamega. Mwaka 2025 aliwatungia wasichana wa shule hiyo hiyo mchezo mwingine, Echoes of War, juu ya vijana na watawala wasiowasikiliza. Ukazuiwa, Mahakama Kuu ikaamuru tena uachwe uchezwe, na usiku wa kuamkia siku yake Malala akakamatwa Nakuru. Asubuhi ya tarehe 10 Aprili wasichana waliingia ukumbini wakakuta hakuna vyombo vya sauti wala hadhira, mtunzi wao akiwa mikononi mwa polisi na moshi wa machozi ukirushwa nje. Hawakuwa wamemwiga bawabu, wala Mjaluo, wala Mkalenjini. Waliimba wimbo wa taifa, kisha wakatoka jukwaani.